Kwa Wapangaji Wangu

Leo alfajiri nimewatia baadhi yenu kwenye kichupa,
nikakaza kifuniko cha buluu, nikaandika:
Shufaa Mbwana, miaka hamsini na minane,
saa kumi na mbili na robo, kabla ya chai.
Nikawapeleka posta ya Hilltown,
mvua ya Dundee ikinipiga ubavuni.
Karani akauliza, "Kuna kitu cha thamani ndani?"
Nikasita.
"Bado hatujajua," nikamwambia.

Siwajui hata mmoja kwa sura.
Wengine, nadhani, mlipanda ndege nami kutoka Pangani,
bila viza, bila kuhojiwa,
wazao wa muhogo na dagaa na maji ya kisima.
Wengine mmenikuta hapahapa,
watoto wa mkate mweupe, maziwa baridi
na ile jamu ya machungwa inayojivuniwa na mji huu
nami nimekatazwa.
Kodi hamlipi. Mlango hamgongi.

Jadwiga, mwenzangu kwenye dobi la hospitali,
anameza kidonge kilekile, miligramu zilezile,
kutoka duka lilelile la dawa.
Sukari yake imeshuka kama mtu ashukaye ngazi
ameshika reli.
Yangu hushuka kidato kimoja, hukaa,
kisha hupanda tena kuchungulia.
Na tumbo langu! Mnajua wenyewe.
Mara ngapi nimeyaacha mashuka yakizunguka kwenye mashine
nikakimbilia choo cha wafanyakazi
nimeuma pembe ya mtandio?
Nikadhani ni uzembe wangu.
Nesi naye alidhani hivyo, kwa upole,
kwa sauti ile ya kumwambia mtu
kwamba ameonekana akinunua keki.

Ndipo akaja mtafiti, Catriona,
suruali yake bado imefungwa klipu ya baiskeli.
Akachora utumbo kwenye karatasi,
mrefu, umejikunja kama mpira wa kumwagilia,
akatia nukta, nukta, nukta,
mpaka kalamu ikatoboa.
"Dawa inapita kwa bakteria hawa," akasema.
"Huenda inawabadilisha. Huenda wao wanaibadilisha.
Huenda ndiyo sababu mmoja hupata nafuu, mwenziwe huhangaika."
Nikahesabu: huenda tatu.
Nikampenda kwa hizo huenda.
Miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiambiwa lazima.

Kwetu tuna maneno mawili yanayowahusu.
Moja la hofu: kikulacho ki nguoni mwako.
La pili mama alilisema akifungua mlango,
hata siku ya chungu kitupu:
mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sijui nyinyi ni lipi.
Usiku mnaponguruma nawaona chawa.
Asubuhi, mita ikisoma saba nukta mbili,
natamani kuwatandikia mkeka.

Basi nimewapikia kunde.
Nimewapikia shayiri ya hapa, iliyolala majini usiku kucha,
haina sukari, nzito kama simenti.
Catriona hakuahidi kitu.
"Wanapenda nyuzinyuzi," alisema,
"angalau tunadhani."
Hafidhi, mwanangu, akacheka mpaka akakaa chini:
"Mama, unawapikia wadudu?"
Nikamwambia, wewe nilikulisha miezi tisa
kabla sijakuona.

Majibu ni baada ya wiki kumi na nne.
Labda karatasi itawataja kwa majina yenu ya Kilatini,
marefu kama ya masultani.
Labda itasema tu: sampuli haikutosha.

Saa tisa na nusu, giza limeshaingia.
Daraja la reli linapeleka taa zake ng'ambo ya mto Tay.
Kidonge kiko kiganjani,
cheupe, kikubwa kama kifungo cha koti.
Kabla sijakimeza nagonga kwa kidole, chini ya kitovu,
mara tatu, kama inavyotakiwa.
Hodi.
Hodi.
Hodi.

Kitu kikanguruma.
Nikaamua ni karibu.